Kamati ya Suruali

Kamati iliundwa kwa sababu ya suruali. Kwenye daftari imeandikwa "Kamati ya Kuchambua Maagizo ya Torati Yanayomhusu Mkristo wa Leo", na mwandiko ni wangu, siwezi kuukana. Lakini vijana wa bodaboda pale Shelui waliiita Kamati ya Suruali tangu wiki ya kwanza, na vijana wale, pamoja na ulevi wao wote, walikuwa wakweli kuliko sisi.

Suruali yenyewe ilikuwa ya Happiness. Nilimfundisha kuanzia darasa la tatu mpaka la saba, kabla sijastaafu ualimu. Alikuwa na miaka thelathini kasoro mmoja, hajaolewa, anaishi na mama yake Elina ambaye macho yalikuwa yamefifia. Kazi yake ilikuwa kununua kuku wa kienyeji vijijini na kuwapeleka Shelui kwa pikipiki, matenga mawili nyuma, akawauzie madereva wa malori yanayokwenda Nzega na Mwanza. Pikipiki ya matenga mawili haipandwi na gauni. Anayedhani inapandika aje ajaribu kwenye mchanga wa kwetu.

Kanisani Happiness ndiye alikuwa msomaji wa somo, kwa sababu moja tu: alijua kusoma. Wengine wakifika kwenye majina ya wafalme walianza kukohoa. Jumapili moja baada ya Pasaka alichelewa, mvua ilikuwa imemkuta njiani, khanga aliyojifunga juu ya suruali ya jinzi ikawa tope tupu. Akaifungua mlangoni, akaitundika kwenye ukuta wa nje, akaenda mbele, akasoma. Alisoma vizuri mno. Hata watoto walinyamaza.

Ibada ilipokwisha, Mzee Melkizedeki alisimama.

Melkizedeki ni kiongozi wa baraza la wazee wa kanisa letu. Ana mashine ya kukamua alizeti, ana lori, ana ng'ombe themanini na ushee. Bati la kanisa alilitoa yeye, na haijapita Jumapili hatujakumbushwa. Mchungaji wetu anahudumia mitaa minne na kwetu hufika mara moja kwa mwezi kutoa Chakula cha Bwana, kwa hiyo siku nyingine zote kanisa linakuwa la mwenye bati.

"Nimeona kitu leo ambacho Musa asingekivumilia," alisema. "Mwanamke na vazi la kiume, mbele ya madhabahu. Sasa tukae tuamue. Tunafuata Torati au hatufuati?"

"Tunafuata, lakini si yote," alisema Stanley, mwinjilisti wetu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, katoka chuo cha Biblia mwaka uleule, kichwa kimenyolewa pembeni kama cha mcheza mpira na juu kimeachwa kichaka.

"Basi tujue ipi," alisema Melkizedeki. "Tuunde kamati."

Tukaunda. Tulikuwa watano: Melkizedeki mwenyewe, Stanley, Mama Flora ambaye ni mwenyekiti wa wanawake, Andrea mwenye banda la kiti moto, nyama ya nguruwe, pale yanaposimama malori, na mimi, Mwalimu Calist, katibu. Tulikutana Alhamisi tatu mfululizo, saa tisa alasiri, sebuleni kwa Melkizedeki, kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma. Kila mara alichinja kuku, na ugali wa uwele, na maziwa mgando. Niseme mapema ili nisije nikajifanya mtakatifu: nilikula. Sikukosa kikao hata kimoja.

Stanley alitufundisha utaratibu. Maagizo ya Torati, alisema, yako mafungu matatu. Kuna ya ibada, kama sadaka za wanyama. Hayo yaliishia msalabani. Kuna ya taifa la Israeli, kama mahakama zao na mipaka yao. Hayo yalipita pamoja na taifa lile. Halafu kuna ya maadili, na hayo hayapiti kamwe.

Mpango wenyewe si wa kijinga. Watu wenye elimu kubwa wamehangaika nao miaka mingi, wengine kwa machozi. Lakini machozi hayakufika kwenye sebule ile. Kilichofika ni watu watano wenye mali zao, kila mmoja akilinda ya kwake.

Nguruwe tulimmaliza kabla chai haijapoa.

"Petro alishushiwa shuka kutoka mbinguni limejaa kila aina ya nyama," alisema Andrea, na mikono yake ilikuwa bado inanuka moshi wa banda. "Akaambiwa chinja ule."

"Unajua imeandikwa sura ya ngapi?" nilimuuliza.

"Najua kwamba lilishuka, Mwalimu. Inatosha."

Stanley akasema fungu la ibada, limepita. Nikaandika.

Ikaja riba. Mama Flora anaendesha kikoba cha akina mama cha kukopeshana, na anayechelewesha rejesho hubebewa mpaka sufuria. Alivua miwani, akaifuta taratibu, akasema ile riba ya Musa ilikuwa ya kuwaumiza maskini, yake yeye inaitwa faida, na faida haijatajwa popote. Hakuna aliyebisha, maana kila mmoja mle ndani mkewe au yeye mwenyewe alikuwa na jina kwenye kikoba kile. Imepita.

Katazo la kupanda mbegu za aina mbili kwenye shamba moja liliondoka bila hata kuinua mikono. Nani kwetu hapandi kunde katikati ya mahindi? Mimi nilikuwa wa kwanza kusema limepita. Katazo la nguo ya nyuzi mchanganyiko likaondoka kwa sababu sare za kwaya zilikuwa zimeshanunuliwa. Tulipofika kwenye lile la kutonyoa pembe za kichwa, Stanley alijipapasa juu ya sikio, akalamba kidole, akafungua ukurasa unaofuata.

Halafu suruali.

"Hili ni la maadili," alisema Stanley, sauti imebadilika, kama mtu aliyefika nyumbani.

"Kwa nini?" niliuliza. Nilikuwa nimefungua palepale. "Liko ukurasa mmoja na zile mbegu. Mistari mitatu tu katikati."

"Limeitwa chukizo, Mwalimu."

"Na wale wanyama wasioliwa nao wameitwa vitu vya kuchukiza."

Andrea akanitazama kama anavyomtazama mteja aliyekula akataka kuondoka bila kulipa. Melkizedeki akaweka bilauri ya maziwa mezani.

"Mwalimu Calist," alisema kwa upole, "wewe ni katibu. Katibu anafanya nini?"

"Anaandika."

"Haya."

Nikaandika.

Kikao cha tatu ndipo tulipofika kwenye ng'ombe. Stanley alikuwa anasoma haraka kwa sababu harufu ya kuku ilishaingia sebuleni. Agizo lenyewe, kwa maneno yangu, ni hili: ng'ombe akimpiga mtu kwa pembe, mtu akafa, ng'ombe apigwe mawe na nyama yake isiliwe. Na kama ng'ombe huyo alishazoea kupiga watu, na mwenyewe akaonywa lakini hakumfunga, basi mwenyewe naye ana hatia, tena kubwa.

Mama Flora akacheka. "Mzee, hiyo si ndiyo ya Jenerali?"

Tukacheka wote. Jenerali lilikuwa dume la Melkizedeki, jeusi, pembe ndefu zilizotazama mbele. Novemba iliyotangulia lilimvunja mchunga ng'ombe mbavu mbili. Mwezi wa pili lilipindua guta la matairi matatu la kubebea maji kisimani na mwenye guta akapanda mti.

Melkizedeki naye alicheka, akajipiga paja. "Jenerali nimeshaambiwa mara tatu. Hata mtendaji wa kijiji amekaa kwenye kochi hilohilo akaniambia nilifunge. Nitalikata pembe nikipata nafasi. Lakini hiyo ni sheria ya Wayahudi waliokuwa jangwani hawana uzio."

"Na wewe una uzio?" aliuliza Andrea.

"Ninao. Jenerali ndilo halina habari nao."

Tukacheka tena. Stanley akasema fungu la taifa la Israeli, limepita. Nikaandika yote kama yalivyosemwa, na aliyeyasema, mpaka kicheko. Si ushujaa. Nimefundisha miaka thelathini na minne, na mkono wangu hauna mazoea ya kuandika kingine tofauti na kinachosemwa.

Mwisho wa siku yalibaki maagizo kumi na moja. Niliyaandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila, tukayabandika mlangoni mwa kanisa. Tisa yaliwahusu wanawake: suruali, nywele wazi, kuingia madhabahuni siku zao, na mengine ya namna hiyo. La kumi lilikuwa zaka. La kumi na moja vijana wawaheshimu wazee. Nilisimama mbele ya karatasi ile nikaisoma mara mbili, nikatambua kwamba hakuna hata moja lililomtaka yeyote kati yetu watano aamke Jumatatu afanye kitu tofauti na alichofanya Jumamosi. Mama Flora ni mwanamke, ndiyo, lakini hajavaa suruali maisha yake yote na siku zake zilishakoma.

Jioni ile Happiness alikuja nyumbani. Alizima pikipiki mbali ili asiamshe mjukuu wangu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba binti. Karibu ukae."

Hakukaa. "Nimesoma karatasi yako. Mwandiko mzuri."

"Ni ya kamati."

"Nilifungua ile sura, Mwalimu. Mstari wa tano mmeuchukua. Wa nane unasema nyumba mpya iwekewe ukingo kwenye paa mtu asianguke, mmeuruka. Wa tisa mbegu, mmeruka. Wa kumi usilime kwa ng'ombe na punda pamoja. Mzee Melkizedeki analima na nini?"

"Na ng'ombe na punda," nilisema.

"Wa kumi na moja nguo. Wa kumi na mbili vishada kwenye pembe za vazi. Umeshamwona mzee yeyote na vishada? Ukurasa mmoja, Mwalimu! Mlikuwa mnasoma na jicho gani?"

Nikamwambia habari za mafungu matatu. Nilieleza vizuri, ni kazi yangu kueleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ileile ya darasani.

"Kwa hiyo," alisema, "kama ningekuwa mjumbe wa kamati, suruali ingekuwa fungu la Israeli."

Aliaga akaondoka.

Alivuliwa usomaji. Hakubishana, wala hakuacha kuja. Alikuja na suruali yake, akakaa benchi la nyuma na mama yake, na kazi ya kusoma akapewa Stanley, ambaye alimwita Nebukadreza majina matatu tofauti ndani ya somo moja.

Ikafika mwezi wa sita, watu wanavuna alizeti. Nje ya mashine ya Melkizedeki kulikuwa na lundo la mashudu, na Jenerali liliyapenda mashudu kuliko chakula chochote. Jumanne asubuhi Happiness alisimama pale kukaza kamba ya tenga. Alikuwa ameinama, mgongo umeelekea lundo. Waliokuwepo wanasema dume halikutoa hata mlio. Pembe iliingia pajani juu ya goti, ikamnyanyua, ikamtupa upande wa pili wa pikipiki. Tenga likapasuka. Watu walitoka mashineni wakikimbia. Wengine walimkimbilia Happiness. Wengine, na ninawajua kwa majina, walikimbilia kuku.

Alipelekwa hospitali ya wilaya kwenye gari la mtu aliyekuwa amekuja kukamua. Madaktari walifanya kazi yao, mguu ukabaki. Alilala siku kumi na saba. Mimi nilikwenda mara mbili. Melkizedeki alituma salamu.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi alikuja kanisani kwa miguu, fimbo mkono mmoja, mama yake mkono mwingine. Mwenye macho hafifu na mwenye mguu mmoja mzima wakiongozana. Bandeji ilianzia kwenye nyonga ikaishia gotini. Suruali isingepita. Alikuwa amefunga kitenge.

Stanley alimwona kutoka madhabahuni, uso ukamng'aa.

"Ndugu zangu, tazameni nyuma!" alisema. "Dada yetu leo amevaa sawasawa. Neno limefanya kazi. Tumpigie Bwana makofi."

Watu wakapiga makofi. Wapo waliopiga vigelegele. Nilimtazama Melkizedeki, alikuwa anaitikia kwa kichwa, macho amefumba, kama mtu anayesikiliza wimbo aupendao.

Happiness alisimama. Ilimchukua muda, na makofi yakaisha akiwa bado hajanyooka.

"Mwinjilisti," alisema, "nimevaa kitenge kwa sababu mguu wangu una shimo. Likifunga nitavaa suruali."

Akageukia upande wa wazee.

"Na nina ombi kwa kamati. Kuna agizo la ng'ombe apigaye kwa pembe. Sijaliona kwenye karatasi ya mlangoni. Naomba mniambie liko fungu gani."

Alhamisi tulikutana, na safari hii hakukuwa na kuku. Happiness na mama yake walikalishwa kwenye viti vya plastiki, sisi kwenye makochi. Stanley akasema agizo hilo lilishapita, kamati ilishaamua.

"Lilipita lini?" aliuliza Elina. Hakuwa na kawaida ya kusema mbele ya watu.

"Lilipita na taifa la Israeli, mama."

"Ng'ombe wa Israeli walipita. Huyu wa hapa mbona yuko?"

Mama Flora akamwambia asichanganye mambo. Hapo Melkizedeki akainama mbele, akachukua Biblia ya Stanley, akaifungua yeye mwenyewe. Sikuwa nimewahi kumwona akiifungua.

"Tusome vizuri," alisema. "Imeandikwa akimpiga mtu, *akafa*. Neno ni akafa. Binti yetu hakufa, Mungu ni mwema. Kwa hiyo hata tukilifuata neno kwa neno, halimhusu."

"Mzee," nilisema, "limeshapita au linafuatwa neno kwa neno?"

"Yote mawili," alijibu.

Na Stanley, mtu mwenye cheti cha chuo, aliitikia kwa kichwa.

Happiness alitutazama pale kwenye makochi, mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwangu. Alisema, "Asanteni wazee," akamshika mama yake mkono.

Melkizedeki hakuwa na roho mbaya ya kutosha kuacha mambo hapo. Alikuwa na roho mbaya ya aina nyingine, ile inayotaka kupongezwa. Wiki mbili baadaye, sikukuu ya mavuno, alitangaza kwamba Jenerali analitoa kwa Bwana. Lilichinjwa nyuma ya kanisa. Andrea alikata nyama bila malipo. Tukala pilau na mchuzi, kwaya ikaimba na zile sare, mchungaji naye siku hiyo alikuwepo akasema hajaona usharika wenye upendo namna hii. Nyama isiliwe, linasema agizo. Ilikuwa ngumu kidogo. Nikaongeza sahani ya pili.

Mama Flora alijaza bakuli, akalifunika na sahani, akanipa. "Mwalimu, wewe unapita kule. Mpelekee Happiness. Aone kanisa halina kinyongo."

Nikalibeba. Sijui nilikuwa nafikiri nini njiani. Nadhani sikuwa nafikiri. Elina alikuwa amekaa nje anachambua mchicha kwa vidole. Happiness alikuwa kwenye mkeka, mguu ameunyoosha.

"Harufu ya nyama," alisema Elina. "Nyama gani hiyo, Mwalimu?"

Nilisimama na bakuli.

"Ni Jenerali," alisema Happiness kwa ajili yangu.

Elina aliacha mchicha.

"Umekula, Mwalimu?" aliuliza Happiness.

"Nimekula."

"Sahani ngapi?"

"Mbili."

Hakucheka. Alinitazama kama nilivyokuwa namtazama mtoto mwerevu aliyenakili hesabu ya jirani. Niliweka bakuli chini, mbali na mkeka, na mbwa akalimaliza.

"Siku ile mlipozungumzia agizo la ng'ombe," alisema Happiness, "Mzee alisema nini?"

Nikamwambia. Mara tatu ameonywa, mtendaji wa kijiji kwenye kochi, nitalikata pembe nikipata nafasi, na sisi tukacheka.

"Na uliandika?"

"Niliandika yote."

"Na mlivyocheka?"

"Na tulivyocheka."

Jumatatu tulikwenda ofisi ya kata, yeye nyuma ya bodaboda ya rafiki yake, mimi kwa baiskeli, daftari kwenye mfuko wa shati. Kata haina mafungu matatu. Ina meza, na mtendaji, na wajumbe wa usuluhishi ambao wawili ni Waislamu na hawakujua lolote kuhusu kamati yetu. Melkizedeki aliitwa. Alikuja na koti.

"Dume langu lilikuwa la upole," alisema. "Watoto walikuwa wanalipanda mgongoni. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniambia lina tabia hiyo. Ningejua, ningelifunga. Mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kusema uongo."

Mtendaji akauliza kama kuna shahidi. Nikasimama, nikavaa miwani, nikasoma. Nilisoma kwa sauti ya darasani, polepole, na jina la kila msemaji. Nilipofika kwenye "Jenerali ndilo halina habari nao", mjumbe mmoja alijifunika mdomo kwa kofia yake. Nilipofika "Kicheko", mtendaji aliniambia inatosha.

Melkizedeki alianza kusema Kinyiramba, haraka haraka, maneno ambayo sitayaandika.

Walisuluhishwa siku ileile. Atalipia matibabu yote na atatoa mtamba mmoja. Alitia saini akitazama ukuta. Mtamba aliletwa na mchunga ng'ombe, Melkizedeki mwenyewe hakuja. Elina alimpapasa kichwani, akakuta pembe bado vijinundu tu, akasema haya, aingie.

Jumapili iliyofuata Stanley alihubiri kuhusu Yuda. Hakunitaja, lakini alisema "watunza daftari" mara nne, na ninavyojua Yuda alitunza mfuko. Niliondolewa ukatibu kwa kosa la kupeleka siri za kanisa kwa watu wa nje. Nilipouliza kosa hilo limetokana na agizo lipi kati ya yale kumi na moja, Mama Flora alisema kuna mambo hayahitaji kuandikwa. Karatasi ya manila haikubanduliwa. Mchungaji alipoambiwa habari nzima alisema atatuombea pande zote mbili, akapanda gari la Melkizedeki likampeleka mtaa unaofuata.

Happiness hakurudi kanisani. Mguu ulipona lakini goti halikunji sawasawa. Anapanda pikipiki kwa kuivukia upande, kama mtu anayeruka uzio. Jumapili anamsomea mama yake nyumbani, na mimi siku nyingine huenda kukaa nao. Anasoma kila kitu, hata sura zile za vipimo vya hema ambazo mimi mwenyewe huzisinzia. Hajaniambia amenisamehe. Hunipa kiti.

Mwezi wa kumi na mbili mvua zikashika. Asubuhi moja ya jua kali alinipakia niende Shelui kununua dawa ya presha, mimi katikati, tenga moja la kuku nyuma yangu. Kwenye kona kabla ya lami tulilikuta lori la Melkizedeki limezama mpaka ekseli, limelala upandeupande, njia imefungwa. Dereva alikuwa ameondoka kutafuta msaada. Melkizedeki amesimama pembeni peke yake, suruali ya suti amekunja, viatu mkononi.

Nilimgusa Happiness bega. "Tuzunguke kwa korongoni?"

"Korongo limejaa," alisema. "Na kuku hawawezi kukaa juani."

Alitoa simu akawapigia wenzake wa bodaboda. Walikuja saba, wanacheka, wakaanza kutafuta mawe na matawi ya kutia chini ya matairi. Happiness alishuka naye. Aliingia kwenye tope na goti lake lile gumu, akawa anaelekeza tawi liwekwe wapi, anapiga kelele, anasukuma. Ilichukua karibu saa nzima. Dereva alirudi katikati ya kazi, akapanda, akalingurumisha lori, likajivuta mpaka kwenye ukavu, nasi wote tukalowa tope kuanzia kichwani.

Melkizedeki alikuja karibu. Nilidhani atampa mkono. Alimtazama usoni, kisha macho yakateremka mpaka kwenye suruali, ambayo kwa wakati ule haikuwa na rangi yoyote zaidi ya ardhi.

"Binti," alisema, "ungekuwa umevaa vizuri, ningesema leo Mungu amenitumia malaika."

Vijana wa bodaboda walimsubiri ajibu. Happiness alikuwa ameshageuka, anafungua tenga. Kuku wawili walikuwa wamekufa kwa joto. Aliwatoa, akawaweka kando ya njia, akakaza kamba, akaniambia nipande.